Bibi Arusi wa Ngomeni na Neno Lake



Katika tafakari ya juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaweka kando kwa kitambo masomo ya Dominika, tukazungumzie vitabu. Hatusemi vitabu vya sala. Tunazisema zile riwaya za mapenzi zenye jalada la kung'aa, ambazo ndani yake mna ngome ya mawe juu ya kilima chenye ukungu, bwana wa ukoo wa Nyanda za Juu za Uskoti, ambaye kwao huitwa laird, na binti aliyeletwa kwake bila kupenda. Ndugu zao wa karibu ni riwaya za askari wapanda farasi wa Karne za Kati, wale wa deraya, ngao na kiapo kwa mfalme.

Katika maktaba yetu ya parokia hakuna rafu inayochakaa upesi kama ya vitabu hivi. Vingi ni vya Kiingereza, vilivyofika katika makasha ya misaada pamoja na kamusi na vitabu vya hesabu, na wanaoviazima ni walimu, wauguzi, wasichana waliomaliza kidato cha sita wakingoja majibu, na akina mama kadhaa ambao hatukuwadhania kabisa. Daftari la kuazimia halina siri. Maisha ya watakatifu hukaa miezi mingi bila kuguswa, ilhali bwana fulani wa Uskoti ana majina manane ya watu wanaomngojea. Basi nasi tukaona si vema kusema juu ya jambo tusilolijua. Tumesoma saba kati ya hivyo, usiku baada ya Masifu ya Jioni, na hatuoni haya kusema kwamba viwili vilituchelewesha kulala.

Anayesoma vitatu huyajua yote yatakayotokea katika cha nne. Mfalme anatoa amri ya ndoa, ama kwa sababu koo mbili zimeuana vya kutosha, ama kwa sababu ardhi ya marehemu baba wa binti inahitaji mwanamume wa kuilinda. Binti ana hasira na ulimi mkali. Bwana ana kovu usoni na jeraha jingine asilolisema. Wanafungishwa ndoa mapema, kurasa chache tu baada ya kukutana. Kurasa mia tatu zinazobaki ni za kupendana. Na kila mara, pale katika kikanisa cha ngome, anasimama padri. Huyo tulimtafuta kwa shauku, maana ni mwenzetu. Ni mtu wa kusikitikiwa! Yeye ni mzee kiziwi, au mlevi, au mtawa mnene anayetetemeka, akisoma Kilatini mbio mbio huku upanga uko karibu na shingo yake. Binti akinyamaza, anasukumwa kwa kiwiko. Akiguna, inahesabiwa kwamba ameitikia. Padri anafunga kitabu chake, anatoweka, wala hatumwoni tena mpaka siku ya ubatizo.

Mama mmoja wa WAWATA, aliyetupa ruhusa ya kuandika haya, alitujia baada ya Misa ya asubuhi kurudisha kitabu cha namna hiyo, akatuuliza kama kuvisoma ni dhambi. Kabla hatujajibu akaongeza jambo ambalo limetukaa moyoni tangu siku ile. Katika kitabu kile, alisema, yule bwana yuko mezani pamoja na askari wake wote, kuna kelele na nyama na pombe, na katikati ya hayo yote anagundua kwamba mke wake hajala. "Baba, aliona kwamba hajala." Alilisema mara mbili. Yeye ameolewa miaka ishirini na sita.

Tumewaza sana juu ya neno hilo, na limeturudisha kwa Mtakatifu Teresa wa Avila. Watu wengi wanamjua kama Mwalimu wa Kanisa na mrekebishaji wa Wakarmeli. Wachache wanakumbuka kwamba katika ujana wake alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu vya mashujaa wapanda farasi, vilivyoenea Hispania ya karne ya 16. Anaeleza mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, kwamba aliambukizwa na mama yake, Doña Beatriz, na kwamba wote wawili walivisoma kwa siri ili baba asione, kwani baba hakuvipenda. Teresa anajilaumu kwa saa zilizopotea. Lakini juu ya mama yake anaandika kwa upole: huenda alivisoma ili asiyafikirie mateso makubwa aliyokuwa nayo. Doña Beatriz aliolewa angali msichana mdogo, akazaa watoto wengi, akaishi katika maradhi, akafariki akiwa na miaka 33. Tunapolitazama daftari letu la kuazimia tunamkumbuka yeye. Kuna anayesoma kwa uvivu, ni kweli, na kuna anayesoma kwa sababu saa ile moja ndiyo pekee katika siku nzima ambamo hakuna anayemtaka achote maji.

Hatutaki basi kuwa kama yule padri wa kijiji katika Don Kihote, kitabu cha Cervantes cha mwaka 1605, ambaye pamoja na kinyozi anaingia katika chumba cha vitabu cha yule mzee aliyerukwa na akili, wanavipitia kimoja baada ya kingine na vingi vinaishia motoni uani. Hata yeye, tukumbuke, hakuchoma vyote. Amadís wa Gaula, mkubwa wa vitabu hivyo, alisamehewa.

Jambo moja tuliseme wazi, tulipite. Vingi vya vitabu hivi vya siku hizi vina kurasa za chumbani zinazoeleza yasiyopasa kuelezwa, na msichana wa miaka kumi na sita hapaswi kupewa. Tumeviondoa hivyo katika rafu ya vijana. Lakini si hayo tuliyotaka kuyazungumza leo, na tunadhani mapadri tumekuwa wepesi mno wa kuishia hapo.

Tulilotaka kuuliza ni hili: ngome hiyo ilikuwapo kweli? Na binti yule, aliulizwa?

Uskoti wa riwaya una mzazi wake. Sir Walter Scott alichapisha Waverley mwaka 1814, akisimulia vita vya mwaka 1745 wakati Mwanamfalme Charles Edward Stuart alipoinua bendera Glenfinnan, na mwishoni mwa mwaka 1819 akatoa Ivanhoe, kitabu cha mashujaa wa upanga wa Uingereza. Mwaka 1822, Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, ni Scott aliyepanga sherehe, na waungwana ambao babu zao waliwaona watu wa milimani kuwa wezi wa ng'ombe wakajitokeza wamevaa vitambaa vya mirabamiraba. Vazi hilo lilikuwa limepigwa marufuku na serikali mwaka 1746, baada ya kushindwa kwa Culloden, na likaruhusiwa tena mwaka 1782. Bwana wa karne ya 13 katika riwaya zetu, aliyejifunga vazi lenye rangi maalumu za ukoo wake, amevaa nguo za karne nyingi baada yake. Hilo ni dogo. Tunamsamehe mwandishi, kama tunavyomsamehe mchoraji anayemvika Bikira Maria joho la malkia wa Ulaya.

Lisilo dogo ni hili. Mwaka uleule wa 1814 ambamo Waverley kilitoka, katika bonde la Strathnaver, huko Sutherland, wapangaji walifukuzwa katika ardhi ya familia ya wakuu wao ili kondoo waingie, na nyumba zikatiwa moto ili watu wasirudi. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa, na mwaka 1816 mahakama huko Inverness ikamwachia huru. Sisi Wakatoliki tuna habari yetu pia katika jambo hili. Karibu na mwaka 1770, katika kisiwa cha Uist Kusini, bwana wa ardhi wa Boisdale aliwabana wapangaji wake waiache imani yao. Mwaka 1772 bwana mwingine, John MacDonald wa Glenaladale, ambaye alikuwa Mkatoliki, aliwakusanya watu wapatao 210 wa visiwani na bara, wakapanda meli iliyoitwa Alexander, wakavuka bahari hadi kisiwa ambacho leo ni Prince Edward Island, nchini Kanada. Kwa hiyo mabwana wa kweli walikuwapo wa kila namna. Mmoja alitoza imani, mwingine aliuza alichokuwa nacho ili watu wake wapate mahali pa kusali. Huyu wa pili hatujamwona kwenye jalada lolote.

Na ndoa ya kulazimishwa? Iko moja inayojulikana sana, na imo katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1697 Simon Fraser, aliyeutaka ukuu wa Lovat, alishindwa kumpata binti mrithi wa marehemu Lord Lovat. Akamgeukia mama yake binti huyo, Amelia Murray, mjane. Aliingia nyumbani mwake na watu wenye silaha, akaletwa mhudumu wa dini usiku, ndoa ikasomwa, na inasimuliwa kwamba zumari za mfuko zilipigwa kwa nguvu ili kilio cha mama huyo kisisikike. Fraser alihukumiwa bila kuwapo mahakamani, akakimbilia Ufaransa, akarudi, akaupata ukuu alioutaka, na mwishowe akakatwa kichwa London, mlimani Tower Hill, mwezi Aprili 1747, kwa kuwaunga mkono wafuasi wa Stuart. Tuongeze, kwa kuwa ukweli hauchagui, kwamba huko Ufaransa alijiunga na Kanisa Katoliki. Wanaosoma mfululizo wa Outlander wa Diana Gabaldon, ulioanza mwaka 1991, watamkumbuka: ni babu wa shujaa wao.

Tumekaa na habari hiyo siku kadhaa. Chukua kitabu chochote kati ya vile saba, ondoa kurasa mia tatu za mwisho, nawe umebaki na nyumba ya Amelia Murray: wenye silaha mlangoni, mhudumu wa dini mwenye haraka, mwanamke ambaye sauti yake haisikiki. Riwaya humtuliza msomaji kwa kumwahidi kwamba bwana huyu, tofauti na yule, ana moyo mwema. Atangoje tu. Neno ambalo binti hakulisema mbele ya altare atalisema baadaye, kwa hiari, penye ukurasa wa mia mbili na kitu. Na kwa kweli ni hapo ndipo kitabu kinapokuwa kitamu! Mwandishi mwenyewe anajua kwamba ndoa haijafungwa bado. Amemwonyesha padri akiifunga, kisha ametumia kitabu kizima kuifunga upya.

Hapa ndipo tunapopenda kumtetea yule mtawa mnene. Katika karne ya 12 Kanisa lilibishana kwa muda mrefu juu ya kitu kinachofanya ndoa kuwa ndoa. Je, ni baba kumtoa binti? Ni mahari? Ni kuingia nyumbani? Papa Aleksanda wa Tatu, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 1159 hadi 1181, aliimarisha jibu ambalo lilikuwa gumu kumezwa na wenye mashamba: ni maneno ya wawili hao wenyewe, wakikubaliana kwa wakati uliopo. Wafalme walifanya vingine. Mwaka 1214 Mfalme John wa Uingereza alimwoza Isabella wa Gloucester, aliyekuwa mkewe zamani, kwa Geoffrey de Mandeville, na bwana harusi akatozwa marki 20,000, fedha ambazo ni kama kununua mkoa. Mwaka uliofuata, katika Magna Carta, mabwana walimlazimisha John kuahidi kwamba mjane hatashurutishwa kuolewa maadamu anapenda kuishi bila mume. Mjane tu, mabinti hawakupewa hata hicho. Papa Inosenti wa Tatu aliitangua hati hiyo miezi michache baadaye kwa sababu za siasa zake, ingawa ahadi kwa wajane ilirudi katika matoleo yaliyofuata. Na mwezi Novemba wa mwaka uleule, 1215, Papa huyohuyo katika Mtaguso wa Nne wa Laterano aliagiza kwamba ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye kujua kizuizi aseme.

Sheria ni sheria. Tungependa msomaji amwone mtu. Kuna familia moja ya Norfolk, mashariki ya Uingereza, Paston kwa jina, ambayo barua zake za karne ya 15 zimehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1469 familia hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho riwaya inahitaji. Ilikuwa na ngome, Caister, iliyozingirwa na jeshi la Duke wa Norfolk. Ilikuwa na kaka mmoja mwenye cheo cha sir, na mwingine ndani ya ngome akiitetea. Na ilikuwa na binti, Margery, msichana wa miaka kama ishirini, aliyependa. Aliyempenda hakuwa yeyote kati ya wenye panga. Alikuwa Richard Calle, msimamizi wa mashamba yao, mtu wa daftari za kodi na bei ya shayiri, mwenye jamaa wa dukani. Kaka yake Margery aliandika kwa hasira kwamba hatakubali kamwe dada yake akauze mishumaa na haradali mjini Framlingham.

Wawili hao walikuwa wameahidiana kwa siri. Familia iliwatenganisha. Calle akamwandikia barua, nayo imebaki, ya mtu aliyevunjika moyo lakini hana shaka kwamba mbele ya Mungu wao ni mume na mke. Suala likafika kwa Askofu wa Norwich, Walter Lyhert. Mama yake Margery, Margaret, pamoja na bibi yake, walimsihi askofu aahirishe. Askofu alijibu kwamba ameahirisha vya kutosha. Mwezi Septemba alimwita binti peke yake. Alimkumbusha kwanza nasaba yake, ndugu zake, aibu na umaskini utakaomfika. Hakumrahisishia hata kidogo. Kisha akamtaka arudie maneno aliyomwambia Calle, apime kama yanafanya ndoa. Margery akayarudia. Akaongeza kwamba ikiwa maneno hayo hayakutosha kulithibitisha jambo, basi atalithibitisha zaidi kabla hajatoka pale. Kisha Calle akahojiwa kando, ili kuona kama maneno ya wawili yanalingana. Yalilingana.

Mama yake aliagiza mlango wa nyumba ufungwe. Askofu ndiye aliyemtafutia binti mahali pa kulala usiku ule mjini. Tunapenda kuiwaza jioni hiyo: maili kadhaa kutoka hapo, mizinga inaivunja Caister, ambayo ilisalimu amri kabla mwezi haujaisha, na huku Norwich msichana asiye na nyumba ameketi katika chumba cha watu baki kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema kwa mdomo wake. Ndoa ilisimama. Calle aliendelea kuwahudumia Wapaston, kwani hawakupata mtu mwingine ajuaye mashamba yao kama yeye. Wana watatu walizaliwa. Na Margaret, mama yule mkali, alipoandika wosia mwaka 1482, alimwachia pauni 20 John Calle, mwana mkubwa wa Margery.

Hatusemi kwamba Karne za Kati zilikuwa hivyo kila mahali. Kwa Margery mmoja kulikuwa na mabinti wasiohesabika walioguna mbele ya padri mwenye haraka. Na mafundisho yale yalikuwa na upungufu wake: kwa kuwa maneno ya siri yalitosha, mwanamume mwovu aliweza kuyasema usiku na kuyakana asubuhi. Ndiyo sababu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulidai paroko na mashahidi. Uskoti, ambao ulikuwa umekana mamlaka ya Papa tangu 1560, ulibaki na desturi ya zamani hadi mwaka 1940, na ndiyo maana vijana wa Uingereza walikimbilia Gretna Green, kijiji cha mpakani, kuoana mbele ya yeyote aliyekuwapo. Lakini kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 bado inasema jambo ambalo askofu wa Norwich alilijua: ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijazia. Kanuni ya 1103 inaitangaza kuwa batili ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa woga mkubwa.

Basi wanaotulalamikia kwamba tunapowahoji wachumba tunawahoji mmoja mmoja, na kwamba shangazi na mjomba hubakizwa kwenye benchi nje, wajue kwamba hatukuanza sisi. Katika miaka yetu ya huduma imewahi kutokea tukamwuliza binti kama anakwenda kwa hiari yake, akanyamaza. Ng'ombe walikuwa wamekwisha pokelewa. Kadi zilikuwa zimechapishwa. Tulingoja. Alinyamaza mpaka tukalifunga daftari, na harusi ile haikuwapo. Manung'uniko tuliyoyasikia mwezi ule hatutayaandika hapa. Binti huyo, siku tulipomfunga daftari, alikuwa na kitabu cha bwana wa Uskoti ndani ya mkoba wake. Alitueleza mwenyewe baadaye kwamba katika vitabu vile hakupenda harusi, alipenda pale mwishoni ambapo mwanamume anauliza na kungoja jibu.

Hilo nalo limetufanya tusiviseme vitabu hivi vibaya kuliko inavyostahili. Na limeturahisishia kumjibu mama yule wa WAWATA. Tulimweleza habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mwezi Mei 1521 alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona, akalazwa nyumbani kwao, akaomba aletewe vitabu vya mashujaa wapanda farasi, kwa kuwa ndivyo alivyovizoea. Nyumbani havikuwapo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Lakini akili yake iliendelea kwenda kotekote: kwa saa nyingi aliwaza juu ya bibi mmoja wa heshima, ushujaa atakaomfanyia, maneno atakayomwambia; kisha aliwaza juu ya kufanya waliyoyafanya Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati wa kuyawaza. Tofauti aliiona baadaye. Ya kwanza yalipoisha yalimwacha mkavu. Ya pili yalipoisha, furaha ilibaki. Na hakuutupa ushujaa wake: mwezi Machi 1522, huko Montserrat, alikesha usiku mzima mbele ya altare ya Bikira Maria kama shujaa mpya anavyokeshea silaha zake, akauacha upanga wake hapo.

Tukamwomba mama huyo afanye vivyo hivyo: asiulize tu kama kitabu ni kitamu, kwani tunajua ni kitamu. Akifunge, akae kidogo, atazame kimemwacha wapi. Kama kimemwacha akimdharau mtu aliye jikoni anayetafuta chumvi, basi ni cha kurudishwa. Alicheka, akasema kimemwacha na njaa ya kuulizwa. Tukamwuliza kama amewahi kumwambia mume wake hivyo. Hajawahi, miaka ishirini na sita. Alichukua kitabu kingine rafuni, akaandika jina lake daftarini, akaenda zake. Juma lililofuata mume wake alikuja ofisini kulipia zaka, akatuuliza, akitazama dirishani, kama ni kweli kwamba sisi ndio tuliomwambia mke wake amweleze kwamba hajala. Tukasema ndiyo. Akakaa kimya. Kisha akauliza kama maktaba hufunguliwa pia Jumamosi.

Hufunguliwa, saa tatu hadi saa sita. Dominika hii, baada ya Misa ya kwanza, yatasomwa kwa mara ya pili matangazo ya ndoa ya wachumba wa jozi nne. Majina yamebandikwa mlangoni. Anayejua kizuizi chochote anaombwa afike ofisini kabla ya Ijumaa, na wachumba wenyewe wakumbuke kuja kwa mahojiano, kila mmoja kwa saa yake.